Utando wa Ndani: Mishipa ya Damu na Historia ya Nchi ya Shaba

Mwezi Mei 1978 yalitokea mambo mawili, moja Kongo na jingine Marekani. Tarehe 13 wapiganaji wa kundi la waasi la FNLC, wengi wao Wakatanga waliokuwa uhamishoni Angola, waliingia Kolwezi na kuuteka mji. Tarehe 19 askari wa miavuli wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa wakashushwa kutoka angani. Mapigano yalipotulia, mamia ya watu walikuwa wamekufa, Wakongo na Wazungu. Migodi ilikuwa imesimama, na wanunuzi wa kobalti duniani walikuwa wameingiwa na hofu ya kukosa madini hayo. Mwezi huohuo, katika chuo cha udaktari huko Brooklyn, New York, msaidizi wa maabara wa mwanasayansi Robert Furchgott hakufuata maelekezo ya jaribio kama alivyopewa, na mshipa wa damu wa sungura ukafanya jambo ambalo haukuwa umelifanya hata mara moja mbele ya bwana huyo.

Kwa miaka mingi Furchgott alikuwa akikata vipande vya mshipa mkubwa wa sungura, akivitundika kwenye kifaa cha kupima nguvu na kuvipa dawa. Vikipata asetilikolini, vilijikaza. Lakini ndani ya mnyama aliye hai asetilikolini hiyohiyo hupanua mishipa na kushusha presha. Kitendawili hicho hakikuwa na mteguzi. Siku ile ya Mei vipande vililegea. Furchgott alipofuatilia, akaona kwamba kila kitu kilitegemea namna mshipa ulivyoandaliwa. Vipande vyake vya zamani vilikuwa vikisuguliwa upande wa ndani bila mtu kukusudia, na utando mwembamba unaofunika upande huo ukatoka. Penye utando, mshipa ulilegea; pasipo utando, ulijikaza. Mwaka 1980 yeye na John Zawadzki walichapisha matokeo hayo katika jarida la Nature.

Habari za Kolwezi zilijaza magazeti ya dunia, na za Brooklyn hazikumfikia mtu. Leo, mtu anayetaka kuelewa kwa nini mchimbaji wa Lualaba, mkoa wa Kolwezi, apatwe na kiharusi, kwa nini mama mjamzito wa Kolwezi avimbe miguu na kuanguka kifafa, au kwa nini mtoto aliyekulia penye vumbi la kobalti aweze kuwa na mishipa iliyochoka mapema, analazimika kuzisoma habari zote mbili. Maradhi ya mishipa hayaanzi siku moyo unaposimama. Huanza miaka mingi kabla, kwenye utando ule, na kinachouharibu kina historia: chakula cha kampi, chumvi, moshi, madini, kazi, na mishahara iliyokatika. Maradhi yenye historia hayawezi kuitwa laana wala uzee. Yana mahali yalipoingilia, na penye mlango wa kuingilia pana mlango wa kuzuilia.

Tabaka la seli moja

Utando huo ulijulikana kwa zaidi ya karne kabla ya kupewa heshima. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alionyesha kwamba damu huzunguka mwilini. Mwaka 1661 Marcello Malpighi, akitazama pafu la chura kwa hadubini, aliona vijishipa vyembamba ambavyo Harvey hakubahatika kuviona, vile vinavyounganisha ateri na vena. Mwaka 1865 Mswisi Wilhelm His akaupa utando wa ndani wa mishipa jina la endothelia. Ni tabaka lenye unene wa seli moja tu, lililotandazwa kuanzia vyumba vya moyo hadi kapilari ya mwisho kwenye ncha ya kidole. Wataalamu wengi walidhani kazi yake ni kufunika tu, damu isivuje.

Dhana hiyo ilibomolewa polepole. Rudolf Virchow, katika miaka ya 1850, aliona kwamba ugonjwa wa kuta za ateri hufanana na jeraha linalouguzwa vibaya. Mwaka 1913 Nikolai Anichkov, mjini St. Petersburg, aliwalisha sungura kolesteroli na kuona mafuta yakijilimbika ndani ya mishipa yao. Mwaka 1973 Eric Jaffe na wenzake, New York, walifaulu kuotesha seli za utando huo kutoka kwenye vitovu vya watoto wachanga, na kwa mara ya kwanza watu wakaweza kuziuliza maswali nje ya mwili. Mwaka huohuo Russell Ross na John Glomset, Seattle, walitoa hoja kwamba kuziba kwa mishipa ni jibu la mwili kwa kuumizwa kwa utando wake. Mwaka 1976 John Vane, Salvador Moncada na wenzao wakagundua prostasaiklini, dawa ya asili inayotengenezwa na kuta za mishipa ili chembe za kugandisha damu zisishikane.

Baada ya Furchgott likabaki swali moja: utando hutoa nini cha kuulegeza msuli wa mshipa? Mwaka 1987 kundi la Moncada lilionyesha kuwa ni gesi, oksidi ya nitriki, ile ambayo wengi waliifahamu kama uchafu wa moshi wa magari. Louis Ignarro alifikia jibu hilohilo kwa njia yake, na Ferid Murad alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1977 kwamba vidonge vya nitrogliserini, walivyopewa wagonjwa wa moyo kwa karibu miaka mia, hufanya kazi kwa kutoa gesi hiyo. Furchgott, Ignarro na Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Utando wenye afya ni bawabu. Damu ikipita kwa kasi, huachia oksidi ya nitriki na mshipa hupanuka. Huzuia damu kuganda mahali isipotakiwa, na huamua seli nyeupe zipi ziruhusiwe kuingia kwenye ukuta. Ukiumizwa mara kwa mara, na presha, sukari, moshi wa sigara, kolesteroli au sumu ya madini, gesi ile hupungua. Mshipa hubaki umekaza. Kolesteroli mbaya hupenya chini ya utando na kuchacha humo. Seli nyeupe huifuata na kuimeza hadi zinavimba mafuta. Ukuta hunenepa, njia ya damu hufinyika. Siku uvimbe huo unapopasuka, damu huganda juu yake. Ikiwa ni kwenye moyo, ni shambulio la moyo. Ikiwa ni kwenye ubongo, ni kiharusi. Kwa mgonjwa ni dakika chache. Kwa utando ni miaka ishirini au thelathini.

Kutoka tanuru la kichuguu hadi kampi

Shaba ya Katanga, eneo la kusini-mashariki mwa Kongo, haikugunduliwa na kampuni. Kwa karne nyingi mafundi wa nchi hiyo, Wasanga na majirani zao, walichimba mawe ya kijani wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ghalani, wakayayeyusha katika matanuru yaliyojengwa kwa udongo wa vichuguu. Walimimina misalaba ya shaba ambayo ilikuwa mali, mahari na fedha. Ilikuwa kazi ya majira: msimu ukiisha, mchimbaji alirudi shambani, kwenye mtama wake, mboga zake na samaki wa mto. Katikati ya karne ya 19 Msiri, mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi, alijenga ufalme wake Bunkeya na kuipeleka shaba hiyo kuelekea pwani zote mbili za Afrika. Desemba 20, 1891, aliuawa kwa risasi na Omer Bodson, afisa wa msafara wa Stairs, ambao wapagazi wake wengi walitoka Zanzibar na pwani. Mwaka uliofuata mwanajiolojia Jules Cornet alipima miamba ya Katanga na kuona utajiri uliokuwemo.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa Oktoba 28, 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikatoka kwenye tanuru la kampuni. Wafanyakazi wa miaka ile waliandikishwa kwa mikataba mifupi, wakatembezwa njia ndefu, wakalala kwenye vibanda vya msongamano. Waliuawa na nimonia, kuhara damu na homa ya matumbo. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mwenendo: badala ya kubadilisha watu kila baada ya miezi michache, iliwachukua kwa mikataba ya miaka mitatu, wengi kutoka Lomami, Kasai, Rwanda na Burundi, ikawaruhusu kuja na wake zao, ikawajengea kampi na kuwagawia posho. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia mambo ya wafanyakazi Waafrika, alikuwa miongoni mwa wajenzi wakuu wa mpango huo. Watoto walipimwa uzito, akina mama walijifungulia kwenye zahanati za kampuni, na vifo vya maambukizi vilipungua.

Mabadiliko hayo yaliokoa maisha, na hilo lazima lisemwe wazi. Lakini yalileta pia aina nyingine ya maisha. Mtu aliyezoea kula alicholima sasa alikula alichogawiwa: unga wa mahindi wa bukari, samaki wakavu wa chumvi, mafuta, nyama kwa kipimo. Alifanya kazi kwa king'ora, mwaka mzima, si kwa majira. Akatembea kidogo kuliko zamani, akavuta sigara za duka, akalala karibu na moshi wa tanuru.

Madaktari wa wakati ule hawakuitafuta presha kwa watu kama hao, kwa kuwa waliamini haipo. Mwaka 1929 C. P. Donnison, daktari aliyefanya kazi Kisii, magharibi mwa Kenya, alichapisha vipimo vya watu wapatao 1000. Presha yao haikupanda kwa umri kama ilivyopanda kwa Wazungu. Kwa wazee ilielekea kushuka. Wengi waliosoma habari hiyo waliichukua kuwa sifa ya rangi ya ngozi. Ilikuwa sifa ya maisha, na ushahidi ulikuja baada ya miaka sitini. Mwaka 1990 Neil Poulter na wenzake walichapisha utafiti uliowafuata Waluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakiwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Katika miezi ya kwanza tu ya maisha ya mjini presha ya wahamiaji ilikuwa juu zaidi. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi na potasiamu kidogo, yaani posho ya mji imechukua nafasi ya mboga na matunda ya shamba. Mapigo ya moyo yalikwenda mbio zaidi, na uzito uliongezeka.

Safari ya Mluo kwenda Nairobi ni ndugu wa safari ya Mluba au Mnyarwanda kwenda kampi ya Katanga. Chumvi inapozidi, utando wa mishipa hukakamaa na kutoa oksidi ya nitriki kidogo. Presha ikipanda, msukumo wa damu huusugua utando kila pigo la moyo. Kila kimoja hukisaidia kingine. Kampi za Union Minière zilifaulu kumtoa mfanyakazi katika kinywa cha nimonia na kumpa umri wa kutosha kupatwa na maradhi ya mishipa.

Mji wa Kolwezi na mwaka 1986

Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 kuwa makao ya migodi ya magharibi ya kampuni. Ulizungukwa na majina ambayo kila mkazi anayajua: Musonoi, Ruwe, Kamoto, Mashamba, Dikuluwe. Katika miaka ya 1950 mabwawa ya mto Lualaba yalianza kuipa migodi umeme, na mwaka 1960, mwaka wa uhuru, kiwanda cha Luilu kikaanza kusafisha shaba na kobalti. Mwanzoni mwa 1967 serikali ya Mobutu iliitwaa Union Minière; kampuni iliyozaliwa humo ndiyo tunayoiita Gécamines. Kwa miaka mingi Gécamines ilikuwa baba na mama: ilitoa mshahara, unga, shule na hospitali.

Mwaka 1986 ilizalisha tani zipatazo 476,000 za shaba, kiwango ambacho haikukifikia tena. Mwaka huohuo, mbali na Lualaba, mambo mawili yaligunduliwa ambayo yanaigusa shaba kwa njia ya ajabu. La kwanza: Paul Ludmer na wenzake, Boston, waliingiza asetilikolini katika ateri za moyo za wagonjwa. Ateri zenye afya zilipanuka. Zenye ugonjwa zilijikaza, sawasawa na vipande vya Furchgott vilivyosuguliwa. Kilichoonekana kwa sungura kikawa kimethibitishwa kwa binadamu. La pili: Gabor Rubanyi na Mbelgiji Paul Vanhoutte walionyesha kwamba kile kinacholegeza mshipa huharibiwa na superoksidi, aina ya oksijeni kali inayozalishwa mwilini utando unapoteswa.

Mwili una kinga dhidi ya superoksidi. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich walieleza kimeng'enya kinachoizima, na ndani ya kimeng'enya hicho mna shaba na zinki. Aina mojawapo hukaa ndani ya kuta za mishipa na kuilinda oksidi ya nitriki isiliwe. Kwa hiyo chembe ya shaba, madini yaleyale ambayo Katanga imeyachimba kwa damu, ndiyo inayokaa katikati ya ngao ya utando wa kila mshipa, wa mchimbaji na wa tajiri aliyeko London. Kinachohitajika ni kidogo sana, na hutoka kwenye chakula. Shaba inayoingia kwa vumbi, ikiandamana na kobalti, risasi, kadimi na urani, haiongezi ngao.

Baada ya 1986 mambo yaliporomoka. Septemba 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ilianguka. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Wengi walikuwa mafundi, walimu na wauguzi, na wengi walikaa siku nyingi kwenye stesheni ya Kolwezi wakingoja treni. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya moja ya kumi ya ule wa 1986. Mishahara ilikaa miezi mingi bila kulipwa. Mwaka 2003, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipewa malipo ya kuondoka.

Watu husimulia anguko hilo kwa tani na madeni. Lisimuliwe pia kwa mishipa. Presha haiponi kwa sindano moja. Inataka kidonge kila siku, maisha yote. Mtu aliyepata kidonge chake kwenye zahanati ya kampuni akakikosa kampuni ilipoanguka, presha yake ilirudi palepale, bila maumivu na bila dalili. Njaa ilikuja pamoja na wasiwasi, na wasiwasi wa muda mrefu huuweka mwili katika hali ya vita: homoni za hofu hupanda, mishipa hujikaza, utando huchoka.

Vumbi la Kasulo

Pengo la Gécamines lilizibwa na mikono mitupu. Wachimbaji wa mikono waliingia kwenye migodi iliyoachwa na marundo ya masalio, kwa koleo na mitaimbo, na sheria ya madini ya 2002 ikawatambua. Kisha simu za mkononi na magari ya umeme yakaitaka kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, sehemu kubwa Lualaba, mkoa uliozaliwa kutoka Katanga mwaka 2015 na Kolwezi ukawa makao yake makuu. Mwaka 2014 kobalti ilipatikana chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi. Watu walichimba vyumbani na uani; mashimo yakafunikwa kwa maturubai, na magunia ya mawe meusi yakapangwa walipolala watoto.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walikuwa wamekwisha kuanza kupima. Utafiti wa Célestin Banza Lubaba Nkulu, Benoit Nemery na wenzao, uliochapishwa mwaka 2009, ulipima mkojo wa watu 351 wa kusini mwa Katanga. Walioishi ndani ya kilomita tatu kutoka kwenye mgodi au kiwanda walikuwa na kobalti, risasi, kadimi na urani nyingi kuliko walioishi mbali. Mwaka 2018 kundi hilo lilichapisha matokeo ya Kasulo: wakazi 72 wa mtaa huo walilinganishwa na 25 wa mtaa wa jirani usio na mgodi. Kobalti katika damu na mkojo wa watu wa Kasulo ilikuwa juu sana, na watoto ndio walioathirika zaidi. Kwa watoto hao zilionekana pia alama kwamba vinasaba vyao vinaumizwa na oksijeni kali, jamaa ya ile superoksidi ya mwaka 1986.

Utafiti huo ulipima damu na mkojo. Haukupima upanukaji wa mishipa. Lakini maabara za dunia zimeshaeleza madini hayo hufanya nini yakifika kwenye utando. Risasi huongeza oksijeni kali na kuipunguza oksidi ya nitriki, na presha hupanda. Kadimi hulegeza viungo vinavyoshikanisha seli za utando. Aseniki huvuruga kimeng'enya kinachotengeneza gesi ile. Kusini-magharibi mwa Taiwan, katika karne ya 20, watu waliokunywa maji ya visima vyenye aseniki walizibwa mishipa ya miguu hadi nyama ikawa nyeusi na kuoza. Mwaka 2023 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko rasmi kwamba risasi, kadimi na aseniki zihesabiwe miongoni mwa visababishi vya maradhi ya moyo na mishipa.

Kobalti ina hila yake. Huidanganya seli iamini kwamba oksijeni imekwisha, hata ikiwepo. Ndiyo maana katikati ya karne ya 20 madaktari waliwapa kobalti wagonjwa wa upungufu wa damu: mwili uliodanganywa hutengeneza chembe nyekundu nyingi. Kazi iliyofumbua namna seli zinavyohisi oksijeni iliwapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya 2019. Na mwaka 1965 na 1966, mjini Quebec, Kanada, kobalti iliyotiwa kwenye bia ili povu lidumu iliwaangusha wanywaji wakubwa: wagonjwa 48 walihesabiwa wakiwa na mioyo iliyolegea, na 20 wakafa. Wengi wao walikuwa wakinywa sana na kula vibaya. Kiasi walichopata kwa siku kilikuwa chini ya kile ambacho wagonjwa wa damu walikunywa kama dawa. Ulevi na lishe duni ndivyo vilivyowafungulia mlango. Mchimbaji anayeshuka shimoni asubuhi na kikombe cha pombe kali tumboni, bila chakula cha maana, aijue habari ya Quebec.

Vumbi la barabarani ni sura nyingine ya jambo hilohilo. Malori ya madini na ya tindikali hupita mchana na usiku, na kiangazi cha Lualaba ni kirefu. Chembe laini zikivutwa hufika kwenye vifuko vya mapafu, zikaamsha uvimbe unaopita hadi kwenye damu. Mwaka 2002 Robert Brook na wenzake walionyesha kwamba watu wazima wenye afya, wakivuta kwa saa mbili tu hewa yenye chembe laini na ozoni, ateri za mikono yao hujikaza.

Mama na mtoto

Utando huzungumza kwa ukali zaidi katika ujauzito. Kifafa cha mimba kilitisha vijiji na miji kwa vizazi, na wengi walikiita pepo. Mwaka 1989 James Roberts na wenzake walitoa hoja, ambayo imeshika mizizi, kwamba ugonjwa unaotangulia kifafa hicho ni ugonjwa wa utando wa mishipa ya mama. Kondo lisilopata damu ya kutosha humwaga kwenye damu yake vitu vinavyoushambulia utando. Mishipa hukaza, presha hupanda, figo huvujisha protini, miguu na uso huvimba, na mwishowe ubongo hushtuka. Mwaka 2016 Jean-Pierre Elongi Moyene na wenzake walichapisha utafiti wa Kinshasa uliowalinganisha wajawazito wenye ugonjwa huo na wasio nao: wagonjwa walikuwa na risasi na madini mengine mengi zaidi katika mkojo. Kinshasa haina migodi ya shaba. Kolwezi inayo.

Malaria nayo hupita mlango uleule. Vimelea vya falsiparumu huzifanya chembe nyekundu zinate kwenye utando wa vijishipa, ubongoni pia. Mwaka 1996 Nicholas Anstey, Esther Mwaikambo na wenzao walichapisha utafiti wa watoto wa Dar es Salaam: kadiri malaria ilivyokuwa kali, ndivyo oksidi ya nitriki ilivyotengenezwa kidogo. Mtoto wa Lualaba huipigania gesi hiyohiyo dhidi ya mbu wa msimu wa mvua na vumbi la kiangazi.

Na utoto haupiti bila kuacha alama. Mwaka 1992 David Celermajer na wenzake, London, walibuni njia ya kuupima utando bila sindano: mkono hubanwa kwa mkanda wa presha kwa dakika chache, ukaachiwa, kisha ateri hutazamwa kwa mawimbi ya sauti kama itapanuka. Walikuta upungufu kwa vijana wavutaji sigara, na hata kwa watoto waliorithi kolesteroli ya juu, miaka mingi kabla ya dalili yoyote.

Kinachowezekana

Utando ulioumia unaweza kupona. Anayeacha sigara, anayepunguza chumvi, anayetembea kila siku, anayetuliza presha na sukari yake, mishipa yake hurudisha sehemu ya uwezo wake wa kupanuka. Kwa mjamzito aliye hatarini, Shirika la Afya Duniani linashauri aspirini kidogo kuanzia mapema katika mimba, na kalsiamu kwa wanaokula kidogo chenye madini hayo. Salfeti ya magnesiamu huzuia kifafa na kuokoa maisha. Vyote ni rahisi, na vyote hutegemea kwamba mama amepimwa.

Kwa hiyo Lualaba inajua pa kuanzia. Kila anayeshuka shimoni au kuingia kiwandani apimwe presha, na mwenye presha apewe kidonge chake bila kukatishwa bei ya shaba ikianguka. Kila mjamzito apimwe presha na protini ya mkojo katika kila hudhurio. Barabara za malori zinyunyiziwe maji kiangazi chote. Magunia ya madini yasiingie nyumba wanamolala watoto, na nguo za kazi zifuliwe kazini. Damu na mkojo wa wakazi wa mitaa ya migodi vipimwe kila baada ya miaka michache na majibu wapewe wenyewe.

Fedha zipo kisheria. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na mwaka huohuo kobalti ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati yenye mrabaha wa asilimia 10. Mashine ya presha, chupa ya magnesiamu na tangi la maji ya kunyunyizia barabara ni vitu vidogo mbele ya hesabu hizo. Kamati zinazopanga matumizi ya fedha hizo huombwa madaraja, shule na visima, na ni haki. Ziongeze mstari wa mishipa ya damu, kwa sababu Kolwezi imekuwa ikilipa deni hilo kwa karibu karne moja bila kuandikwa popote.